Lectio divina

Lectio divina (maneno ya Kilatini yenye maana ya "usomaji wa Kimungu") ni namna ya kale ya Wakristo ya kusoma Biblia polepole, kwa utulivu na kwa kusali, ili msomaji asikie katika maneno yaliyoandikwa yale ambayo Mungu anamwambia yeye. Ilikomaa katika monasteri za Misri na Ulaya, ikaelezwa kama ngazi yenye vipandio vinne na mmonaki Mkartusi Guigo II katika karne ya 12, na tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) imeenea upya miongoni mwa walei. Katika Afrika Mashariki Wakatoliki wengi wanaifanya bila kulijua jina lake, kwa sababu imo ndani ya "hatua saba" zinazofuatwa katika jumuiya ndogondogo za Kikristo.

Si sawa na somo la Biblia la darasani, ingawa hailidharau. Anayejiandaa kwa mtihani anakiuliza kifungu maswali: nani aliandika, lini, kwa ajili ya nani. Katika lectio divina mambo hugeuka, kifungu ndicho kinachomuuliza msomaji.

Jina na maana yake

Msemo huu umetokana na Kigiriki. Origene wa Aleksandria (185 hivi – 254 hivi) alimwandikia mwanafunzi wake Gregori akimhimiza adumu katika usomaji wa Kimungu, akaongeza kwamba kubisha hodi na kutafuta hakutoshi: ili kuyaelewa mambo ya Mungu, sala inahitajika kuliko vyote. Katika ushauri huo mfupi mna kiini cha desturi nzima, yaani kitabu na sala havitenganishwi.

Hatua yake ya pili, ambayo kwa Kilatini inaitwa meditatio, kwa Kiswahili huitwa tafakuri. Hapo inafaa kuwa waangalifu. "Kutafakari" kumetoka katika Kiarabu, ni ukoo mmoja na "fikiri" na "fikra". Ndiyo maana mtu akiambiwa atafakari hukunja uso na kuanza kuwaza kwa bidii. Kitenzi cha Kilatini meditari kilikuwa na maana pana zaidi: kilitumika pia kwa mtu anayefanya mazoezi, kama vile msemaji anayeirudiarudia hotuba yake kabla ya kusimama mbele ya watu. Neno la Kiebrania lililo nyuma yake, haga, linapatikana mwanzoni kabisa mwa Zaburi (Zab 1:2) na maana yake ni kunong'ona au kutoa sauti ya chini. Kitenzi hichohicho Isaya anakitumia kwa simba anayenguruma juu ya windo lake (Isa 31:4) na kwa njiwa anayelia (Isa 38:14).

Kwa hiyo mtu wa haki wa Zaburi ya kwanza si mwanafalsafa aliyeshika tama. Ni mtu ambaye midomo yake inacheza mchana na usiku. Kwa Kiswahili cha shuleni tungesema anakariri. Sisi walimu tumewakemea sana wanafunzi wanaokariri bila kuelewa, na tulikuwa na haki. Lakini wazee wa jangwani wangetujibu kwamba kuna mambo mtu hawezi kuyaelewa mpaka kwanza ayabebe mdomoni kwa muda mrefu.

Mizizi

Mifano ya Biblia inayotajwa zaidi ni Mariamu, ambaye Mwinjili Luka anasema mara mbili kwamba aliyahifadhi matukio moyoni mwake (Lk 2:19, 51), na nabii Eliya pangoni Horebu, aliyepitiwa na upepo, tetemeko na moto, kisha akaitambua sauti ya Mungu katika kitu ambacho maneno ya Kiebrania yanakielezea karibu kama sauti ya kimya chembamba (1 Fal 19:12).

Huko Misri, katika karne ya 4, desturi hii ilipata umbo. Kanuni ya Pakomi (292 hivi – 348 hivi) ilidai kila anayeingia monasterini ajifunze kusoma, hata kama hataki, na awe na sehemu ya Maandiko kichwani, walau Zaburi na Agano Jipya. Wengi wao walikuwa wakulima. Walisuka mikeka na vikapu huku wakirudia maneno waliyokuwa wameyahifadhi. Hawakuacha kazi ili watafakari, maana mikono ilipokuwa na kazi nyepesi kinywa kilikuwa huru.

Yohane Kasiano (alifariki 435 hivi), aliyekaa na wamonaki hao kabla ya kuhamia kusini mwa Ufaransa wa leo, aliandika katika Mazungumzo yake, kitabu cha 10, juu ya kurudia mstari mmoja tu, ule wa kwanza wa Zaburi ya 70 unaomwomba Mungu aje upesi kusaidia. Mstari huo utumike wakati wa njaa, wa usingizi, wa majivuno na wa hofu.

Ikumbukwe kwamba watu wa kale kwa kawaida walisoma kwa sauti. Augustino anasimulia katika Maungamo, kitabu cha 6, jinsi alivyomkuta askofu Ambrosi huko Milano akisoma kwa macho tu, ulimi ukiwa umetulia, na jinsi jambo hilo lilivyomfanya yeye na wenzake watafute sababu yake. Msomaji wa siku zile aliona, alitamka na alisikia kwa pamoja. Neno lilipita mwilini.

Kanuni ya Benedikto

Benedikto wa Nursia (alifariki 547 hivi) aliipa lectio divina nafasi rasmi katika ratiba. Sura ya 48 ya Kanuni yake inaanza kwa kuonya kwamba uvivu ni adui wa roho, kisha inagawa siku kati ya kazi za mikono na usomaji. Saa hubadilika kulingana na majira, lakini kwa wastani mmonaki alipata saa mbili hadi tatu kila siku, na Jumapili zaidi. Mwanzoni mwa Kwaresima kila mmoja alipewa kitabu kimoja kutoka maktaba, akisome chote kwa mfululizo.

Benedikto hakuwa na ndoto juu ya wanadamu. Aliagiza mzee mmoja au wawili wazunguke monasterini saa za usomaji, wakitazama kama kuna ndugu aliyezubaa au anayepiga soga na kuwasumbua wengine. Yeyote aliyewahi kuwa mwalimu wa zamu bwenini wakati wa masomo ya usiku anaielewa sura hiyo bila ufafanuzi. Inatuonyesha pia kwamba ugumu wa kutulia mbele ya ukurasa haukuletwa na simu za mkononi.

Waandishi wa Karne za Kati walipenda kuiita kazi hii ruminatio, yaani kucheua. Mfugaji anaijua picha hiyo vizuri. Ng'ombe hula harakaharaka malishoni, kisha hulala kivulini na kukirudisha kinywani kidogokidogo kile alichokwisha kukimeza. Akikosa muda wa kucheua, majani mengi aliyokula hayamfai kitu.

Ngazi ya Guigo

Guigo II alikuwa mkuu wa tisa wa Grande Chartreuse, monasteri mama ya Wakartusi katika milima ya Alpi huko Ufaransa, tangu 1173 hadi 1180. Alimwandikia rafiki yake Gervasi barua ambayo baadaye ilijulikana kama Scala claustralium (Ngazi ya wamonaki). Anaeleza kwamba wazo lilimjia siku moja akiwa katika kazi za mikono. Kwa karne nyingi barua hiyo ilinakiliwa chini ya majina ya watu mashuhuri kuliko yeye, hasa Augustino na Bernardo wa Clairvaux.

Vipandio vyake ni lectio (kusoma), meditatio (tafakuri), oratio (sala) na contemplatio (taamuli). Guigo anavieleza kwa mfano wa chakula: kusoma ni kukitia kinywani, tafakuri ni kukitafuna, sala ni kuipata ladha yake, na taamuli ni utamu wenyewe unaoburudisha. Anasisitiza kwamba kila kipandio kinakihitaji kingine. Asomaye bila kutafakari anabaki mkavu, naye atafakariye bila kusoma anapotea kirahisi kwa kufuata mawazo yake.

Kipandio cha nne ndicho kinachoeleweka vibaya mara nyingi. Taamuli si mafanikio ya mbinu. Kwa maelezo ya Guigo, mtu anaweza kusoma, kutafakari na kuomba kwa nguvu zake akisaidiwa na neema, lakini utulivu ule wa mwisho hupewa, na mara nyingi hauchukui muda mrefu. Guigo anasema wazi kwamba hujificha tena, na kwamba kuondoka kwake si dalili ya kuachwa.

Mfano

Tuchukue habari ya Bartimayo, kipofu aliyeketi kando ya njia ya Yeriko akiomba (Mk 10:46-52). Kusoma mara ya kwanza ni kwa ajili ya kujua kilichotokea: makutano, kelele, watu wanaomnyamazisha, Yesu anayesimama. Kusoma mara ya pili ni polepole, kwa sauti ya chini, mpaka neno moja likwame. Tuseme ni vazi. Marko anataja kwamba kipofu alilitupa vazi lake kabla ya kumwendea Yesu (Mk 10:50), jambo dogo ambalo Mathayo na Luka hawalitaji.

Hapo tafakuri inaanza. Msomaji analirudia neno hilo bila kulikimbiza. Huenda akakumbuka sheria ya Musa iliyodai vazi la maskini lililowekwa rehani lirudishwe kabla ya jua kuzama, kwa kuwa hana kingine cha kujifunika usiku (Kut 22:26-27). Basi kipofu huyu ametupa blanketi lake, tena mahali penye umati, naye hana macho ya kulitafuta baadaye. Polepole swali linageuka upande: na mimi nimejifunika nini ambacho naogopa kukiacha? Sala inayofuata haihitaji maneno mazuri. Inaweza kuwa ombi la Bartimayo lenyewe. Kisha msomaji ananyamaza, haongezi kitu.

Zoezi kama hilo huchukua nusu saa hivi. Wenye uzoefu hushauri kifungu kiwe kifupi na kisichaguliwe kwa kubahatisha. Kuifunua Biblia popote na kuuchukua mstari wa kwanza unaoonekana kama jibu la Mungu ni desturi iliyoenea, lakini si lectio divina. Inakaribia zaidi kupiga bao. Afadhali kufuata Injili ya siku au kusoma kitabu kimoja kwa mfululizo, kwa sababu hapo msomaji anakutana pia na yale ambayo asingependa kuyasikia. Mwenye tafsiri mbili, kwa mfano Biblia ya Muungano (1952) na Biblia Habari Njema, anaweza kuzilinganisha kidogo mwanzoni, halafu abaki na moja.

Kufifia na kurudi

Tangu karne ya 12 na ya 13 shule za mijini na vyuo vikuu vilileta namna nyingine ya kusoma. Lectio ikawa kipindi cha mhadhiri, na baada yake yalifuata maswali na mabishano. Teolojia ilipata mengi kwa njia hiyo, lakini usomaji wa kusali ulibaki hasa nyuma ya kuta za monasteri. Baadaye zilizuka mbinu za tafakuri zilizopangwa kwa hatua nyingi. Iliyoenea zaidi ni ile ya Ignasi wa Loyola, ambaye Mazoezi ya Kiroho yake yalithibitishwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Ignasi anamtaka mtu aione kwa ubunifu wa akili njia, nyumba na watu wa Injili, kana kwamba yumo.

Upande wa Waprotestanti, Martin Luther, aliyekuwa mtawa wa Mt. Augustino, hakuitupa desturi hii. Mwaka 1535 alimwandikia kinyozi wake Petro kijitabu kuhusu namna rahisi ya kusali, akimfundisha kuichukua kila amri ya Mungu na kuisuka kama shada la nyuzi nne: fundisho, shukrani, ungamo na ombi. Humo anashauri kwamba Roho Mtakatifu akianza kusema moyoni, mtu aziache sala alizozipanga na kusikiliza. Mwaka 1539, katika dibaji ya maandishi yake ya Kijerumani, alisisitiza kwamba kutafakari ni kwa mdomo pia na si moyoni tu, kwa kusoma na kusoma tena. Waanglikana nao, katika Kitabu cha Sala cha 1549, waliweka ombi la Majilio ambamo waamini wanaomba waweze kuyasikia Maandiko, kuyasoma na kuyameng'enya ndani yao. Lugha ya chakula haikupotea.

Katika Kanisa Katoliki mlango ulifunguliwa rasmi kwa watu wote na hati Dei Verbum ya tarehe 18 Novemba 1965, ambayo katika namba 25 inawahimiza waamini wote kuyasoma Maandiko mara kwa mara na kuambatanisha usomaji huo na sala. Kardinali Carlo Maria Martini, askofu mkuu wa Milano kuanzia 1980 hadi 2002, aliwakusanya vijana kwa maelfu katika kanisa kuu la mji ule na kuwafundisha lectio divina hatua kwa hatua, pamoja na vipindi virefu vya ukimya. Papa Benedikto XVI aliieleza katika Verbum Domini (2010), namba 87, akitaja baada ya hatua nne za kale actio, yaani tendo linaloyafanya maisha yawe zawadi kwa wengine.

Matatizo yanayojitokeza

La kawaida kabisa ni usingizi, na wazee wa jangwani wameliongelea bila aibu. Lingine ni ukavu: kifungu hakisemi kitu, leo wala kesho. Walimu wa sala hushauri kubaki mahali pale kwa muda uliopangwa.

Tatizo zito zaidi ni kukifanya kifungu kiseme kile mtu anachotaka. Kwa sababu hiyo Papa Fransisko, katika Evangelii Gaudium (2013), namba 152 na 153, anadai lectio divina ianze na maana halisi ya maneno yenyewe. Anataja pia kishawishi ambacho kila mhubiri anakijua, yaani kuwaza kwanza jinsi kifungu kinavyowahusu wengine ili kisimguse mwenyewe.

Kuna pia swali la mbinu za kutuliza akili. Tangu miaka ya 1970 wamonaki kama Mbenedikto John Main (1926–1982) walifundisha sala ya kurudia neno moja kwa kimya, na wengine walijifunza kutoka dini za Asia. Barua ya Idara ya Mafundisho ya Imani ya tarehe 15 Oktoba 1989 haikuzikataa mbinu zote. Ilionya tu kwamba utulivu wa mwili na akili, hata ukiwa mzuri, usihesabiwe kuwa ndio sala yenyewe. Lectio divina haikusudii kuifanya akili iwe tupu, kwa kuwa kimya chake kina neno ndani yake.

Afrika Mashariki

Wabenedikto walifika kusini mwa Tanzania mwishoni mwa karne ya 19. Peramiho ilianzishwa 1898 na Ndanda 1906. Katika monasteri hizo lectio divina ni sehemu ya siku kama ilivyoandikwa na Benedikto. Hata hivyo, iliwafikia watu wengi kwa njia nyingine.

Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA waliamua kuzifanya jumuiya ndogondogo kuwa msingi wa maisha ya Kanisa katika nchi zao. Jumuiya hizo zilihitaji namna ya kusoma Injili bila padre wala mtaalamu, na nyingi zilichukua "hatua saba" zilizotungwa katika taasisi ya Lumko huko Afrika Kusini, ambako Oswald Hirmer na Fritz Lobinger, wote wawili baadaye maaskofu, walifanya kazi. Hatua hizo ni kumkaribisha Bwana, kusoma kifungu, kuchagua maneno na kukaa nayo, kunyamaza, kushirikishana, kujadili kazi ambayo jumuiya inaitwa kuifanya, na kusali pamoja.

Katika hatua ya tatu kila mwenye kuguswa hutamka neno au sentensi fupi mara tatu, na katikati watu hukaa kimya. Hapo ile meditatio ya kale inarudi wazi: kunong'ona, kurudia, kucheua. Tena hapo elimu haimpi mtu nafasi ya mbele. Bibi asiyejua kusoma, ambaye amesikia kifungu mara mbili tu, anaweza kurudi nyumbani na neno moja akalitwanga pamoja na mahindi wiki nzima, wakati msomi aliyeketi karibu naye alikuwa anatafuta la kusema. Hatua ya tano nayo ina sharti lake: anayeongea aseme kwa niaba yake mwenyewe, na alichosema kisijadiliwe. Sharti hilo huvunjwa mara nyingi, hasa akiwepo katekista mwenye kipaji cha kuhubiri.

Lakini hatua inayoumia zaidi ni ya nne. Jumuiya hukutana uani au sebuleni kwa mtu, kukiwa na watoto, kuku na redio ya jirani. Mwongozo unataka dakika kadhaa za ukimya. Kiongozi asiyezoea huhesabu moyoni mpaka kumi, anasikia mtu akikohoa, anadhani watu wamechoka, anaanzisha wimbo. Zipo jumuiya zilizoamua kumpa mtu mmoja saa mkononi, asiyeimba wala kusoma siku hiyo, kazi yake ikiwa ni kuzilinda dakika hizo tu.